Kununua fenicha za kisasa Dar bila kupigwa: kuanzia tepu mpaka siku ya kushusha mzigo

Fenicha Dar zipo kila kona, hilo sio tatizo. Tatizo ni kwamba siku hizi kila kitu kinaitwa "cha kisasa" na kwa macho vyote vinafanana, yaani sofa ya L iliyotengenezwa Keko wiki iliyopita na nyingine iliyoshuka na kontena kutoka Foshan, China, ukiziweka pamoja kwenye picha ya Instagram huwezi kuzitofautisha, halafu bei inapishana mbali kabisa, na cha kushangaza ile ya bei kubwa sio lazima ndio itakayodumu. Msimamo wangu ni huu na mwongozo wote umekaa juu yake: kwenye mji wa joto, unyevu na upepo wa chumvi kama Dar, unanunua fremu na malighafi kwanza, sura inafuata. Sura fundi yeyote mwenye simu ataikopi. Kilichofichwa nyuma ya kitambaa na chini ya rangi ndicho unacholipia, na ndicho ambacho hakuna muuzaji atakayekuonyesha usipoomba.

Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Pima nyumba kabla hujapenda kitu

Nunua tepu ya mita 5, ni hela ndogo sana. Pima chumba urefu na upana, sawa, hiyo kila mtu anafanya, ila wengi wanasahau kupima njia. Pima upana wa mlango wa mbele, mlango wa sebuleni, korido, kona ya korido, na kama unakaa ghorofani pima ngazi pale zinapogeuka. Maghorofa ya zamani ya Upanga na Ilala yana ngazi nyembamba zenye kona kali, na haya mapya unaambiwa lifti ipo lakini ukiingiza sofa ya watu watatu haiingii hata kwa kusimamishwa wima. Milango mingi ya vyumba vyetu ni sentimita 80 na wakati mwingine 75, kwahiyo kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60 lililogongwa moja kwa moja linaweza kupita mlangoni likakwama kwenye kona ya korido, hapo ndio utaona watu wanatoa fremu ya mlango saa 2 usiku.

Chukua gazeti au selotepu ya karatasi, chora umbo la sofa sakafuni kwa vipimo vyake halisi, kaa nayo siku mbili tatu mkiwa mnapita pita. Utajua haraka sana kama ile L ya mita 3 ilikuwa ndoto.

Namba za kukariri, hizi zinatumika dunia nzima na mafundi wazuri wanazijua kichwani:

- Kimo cha kikalio cha sofa au kiti cha kulia chakula: sentimita 43 mpaka 46 kutoka sakafuni. Sofa nyingi za kisasa ziko chini zaidi, zinapendeza kwenye picha, lakini mama akija kutoka kijijini na magoti yake ataomba kiti cha plastiki.
- Meza ya chakula: kimo sentimita 75 hivi, na kila mlaji apate upana wa sentimita 60. Meza ya watu 6 isipungue sentimita 150 kwa urefu, 180 ndio raha.
- Nyuma ya kiti cha meza ya chakula acha sentimita 75 mpaka 90 mtu aweze kuvuta kiti na kuinuka.
- Kati ya sofa na meza ndogo ya mbele: sentimita 40 mpaka 45. Ukiweka pungufu utagonga ugoko kila siku.
- Kabati la nguo: kina cha ndani kisipungue sentimita 55, la sivyo hanga hazikai sawa na mlango haufungi.

Kitanda nacho kina mtego wake. Sisi tunanunua kwa futi, 5 kwa 6, 6 kwa 6, na magodoro ya viwanda vyetu yanaenda hivyo hivyo. Vitanda vinavyotoka China vinakuja kwa sentimita, 150 kwa 200 au 180 kwa 200. Futi 6 ni sentimita 183. Sasa ukichukua kitanda cha urefu wa mita 2 ukaweka godoro lako la futi 6 unabaki na pengo miguuni ambalo simu na rimoti zitakuwa zinazama humo kila usiku. Pima godoro lenyewe kwa tepu, usiamini lebo, kisha nenda na hizo namba dukani.

HATUA YA 2: Jua mbao, jua bodi

Hapa ndipo pesa inapopotea kwahiyo nitakaa kidogo.

Mbao ngumu za hapa kwetu zinazotafutwa kwa fenicha ni mninga na mkongo, zinatoka kwenye misitu ya miombo, Tabora, Katavi, Ruvuma, Lindi huko. Mninga una rangi ya kahawia yenye michirizi mizuri, haupindi sana ukishakauka, mchwa haupendi, na fundi anaufurahia kwenye randa. Mkongo ni mzito zaidi na mgumu, mzuri kwa milango na meza. Kuna mtiki pia, ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa Morogoro na bonde la Kilombero, una mafuta yake ya asili ndio maana unavumilia maji, huo ukiupata uliokomaa ni mzuri kwa fenicha za baraza. Halafu kuna paini, nyingi inatoka Sao Hill kule Mufindi, laini, nyepesi, bei poa. Paini sio mbaya jamani, watu wanaitukana bure, kwa fremu ya sofa iliyokauka na kutibiwa dawa inafanya kazi vizuri tu, ubaya ni kuuziwa paini kwa bei ya mninga.

Na hilo linafanyika sana. Paini inapigwa rangi ya mninga, vanishi juu, inang'aa, unaambiwa "mninga huu bosi, wa Tabora kabisa". Namna ya kugundua ni hivi: geuza kiti au vuta droo uangalie sehemu ambazo rangi haijafika, chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya tundu la skrubu. Paini ndani ni ya njano nyeupe ina vifundo vya duara. Bonyeza kwa ukucha sehemu iliyofichika, paini inabonyea mninga haubonyei. Halafu inua. Kiti cha mninga kina uzito ambao huwezi kuubishia.

Jambo kubwa kuliko aina ya mbao ni ukavu. Mninga mbichi ni hasara kuliko paini kavu. Mbao mbichi ikishatengenezwa meza ikaingia kwenye nyumba yenye AC inakauka ghafla, inapasuka, inapinda, viungo vinaachia. Mbao ya fenicha ya ndani inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 10 mpaka 14 hivi, kuna kifaa kidogo cha kuchoma pini mbili kinapima, karakana kubwa wanacho na ukiuliza tu "mnapima unyevu?" unajua unaongea na nani. Kama hawana, shika mbao na mgongo wa mkono, mbichi ina ubaridi fulani, na ukigonga kwa vidole inatoa mlio mzito uliozibwa, kavu inalia. Ukiagiza kazi kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, uliza mara mbili mbao zilikuwa zinahifadhiwa wapi.

Sasa bodi, maana fenicha nyingi za kisasa sio mbao bali ni bodi, na hilo sio uchawi wala utapeli, dizaini yenyewe ndio inataka hivyo: milango bapa, kona kali, hakuna mishikio.

Chipubodi ni makombo ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi, ndio ya bei ya chini, na adui yake ni maji. Ikilowa inavimba kama mandazi na hairudi. MDF ni unga laini wa mbao, inapokea rangi vizuri sana, ndio maana kabati nyeupe zinazong'aa karibu zote ni MDF, nayo maji haiyawezi isipokuwa ile ya kijani ndani ambayo inavumilia unyevu kidogo. Plaiwudi ni matabaka ya mbao yaliyolaliana, ina nguvu zaidi na inashika skrubu vizuri. Marine bodi, yaani plaiwudi inayovumilia maji, ndio mafundi wengi wanakimbilia kwa makabati ya jikoni, na kwa jikoni ya Dar nawaunga mkono. Zote zinauzwa kwa shiti ya futi 8 kwa 4, na unene wa kawaida wa mwili wa kabati ni milimita 18. Ukikuta kabati la milimita 12 linauzwa bei ya 18, sasa unajua cha kusema.

Angalia kingo. Bodi nzuri kingo zake zote zimefunikwa na ejingi (ule utepe wa kuziba kingo), hata zile za chini na nyuma usizoziona, kwa sababu maji ya deki yanaingilia chini. Pitisha kidole, kama ejingi inanyanyuka dukani, nyumbani haimalizi mwaka. Shelfu ya MDF ya milimita 18 ikizidi sentimita 60 hivi bila nguzo ya katikati itainama ukiweka vitabu au vyombo. Na ukifungua mlango wa kabati jipya ukasikia harufu inayochoma macho, hiyo ni formaldehaidi kwenye gundi, bodi za nje zenye alama ya E1 zinatoa kidogo. Isiyo na alama na inanuka hivyo usiiweke chumba cha mtoto, au iache wazi madirisha yakiwa wazi wiki kadhaa kwanza.

HATUA YA 3: Chagua sehemu kulingana na kitu

Watu wanauliza "wapi pazuri kununua fenicha Dar" kana kwamba kuna jibu moja. Inategemea unanunua nini.

Keko, upande wa Temeke, ndio jina kubwa la fenicha za kutengenezwa, ukishuka tu pale utaona mafundi barabarani, vitanda, sofa, makabati, vumbi la msasa na harufu ya thina. Buguruni Malapa nako wapo. Maeneo haya ni ya kuagiza kitu kwa vipimo vyako: kitanda, meza ya chakula, sofa, kabati la ukutani. Ushauri wangu, usinunue kilichokaa barabarani kinapigwa jua na mvua, hicho ni cha maonyesho, tumia kuangalia ubora wa mkono wa fundi halafu agiza chako.

Shorumu, za barabara ya Nyerere, Mikocheni, Mlimani City na kwingineko, ni za vitu ambavyo mashine inavifanya vizuri kuliko mkono: viti vya ofisi vyenye gesi, sofa za kujilaza zenye mitambo, meza za kioo, meza za kuvuta zikawa ndefu, makabati ya kuunganisha vipande yenye reli za kufunga taratibu. Mtambo wa kiti cha kujilaza usimpe fundi wa mtaani akutengenezee, mwache afanye anachokijua.

Kariakoo ni kwa vile vidogo vinavyotengeneza nyumba: mapazia, mazulia, taa, vioo, vitambaa vya sofa, mishikio ya makabati, bawaba. Bawaba na reli za droo nenda kanunue mwenyewe, mpelekee fundi, hii peke yake inabadilisha kabati. Reli za chuma za bei ya chini ndio kitu cha kwanza kufa kwenye kila kabati Dar, chumvi inakula.

Instagram ni katalogi tu, usiifanye duka. Ukurasa wenye picha za nyumba za Uturuki na Italia hauna maana kwamba wana karakana. Omba video ya mzigo wenyewe, mtu akiushika akitaja jina lako na tarehe ya leo, kisha omba kwenda kuuona. Anayesema "ofisi yetu ipo mtandaoni tu, tuma hela tunadeliva" mwache aendelee na wengine.

Na mtumba. Wageni wanaomaliza mikataba Masaki na Oysterbay wanauza vitu vyao, balozi na mashirika nao hufanya minada, matangazo yanapita kwenye magazeti na magrupu ya WhatsApp. Huko ndiko unapata meza ya mbao nzima kwa bei ya meza ya chipubodi. Kagua tu bungua, wadudu wanaokula mbao: vitundu vidogo kama vya sindano na unga mweupe chini yake, ukiona hivyo achana nacho hata kikiwa cha bure, maana utawaleta wahamie kwenye dari.

Tukiwa hapo hapo, vile viti vya plastiki vya miguu ya mbao vilivyojaa kila kafe na kila sebule mpya ya Dar, sura yake ilitoka kwa Charles na Ray Eames, mke na mume Wamarekani, mwaka 1950, na ile meza ya duara ya mguu mmoja uliotanuka chini ni ya Eero Saarinen wa miaka hiyo hiyo ya 50. Za asili zinatengenezwa na kampuni chache na bei yake ni kubwa sana. Unazoziona hapa ni kopi, hakuna anayekukataza kununua, ila mtu asikuuzie kopi kwa hadithi ya "orijino ya Italia". Kopi ya kiti hicho ikague mahali pamoja tu: pale miguu inapokutana na kikalio, skrubu ziwe nne na zimebana chuma, zisiwe zimebana plastiki peke yake.

HATUA YA 4: Kumpa fundi kazi

Picha ya Pinterest haitoshi. Fundi akiona picha anaona sura, haoni kipimo, ataongeza na kupunguza kulingana na mbao aliyonayo, halafu unapata kitu kinachofanana na picha kama binamu. Unapeleka picha tatu (mbele, ubavuni, nyuma) na mchoro wako wa mkono wenye vipimo vyote kwa sentimita. Sio lazima ujue kuchora, hata kisanduku chenye namba kinatosha.

Kabla ya kuongea bei omba uone kazi inayoendelea, sio iliyokamilika. Iliyokamilika imeshafichwa. Angalia viungo: fundi wa kweli anachonga ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu la mbao nyingine na gundi, au anatumia vijiti vya mbao na skrubu. Ukiona kona zote ni misumari mitupu ya kugongwa ubavuni, ondoka kistaarabu, "nitarudi fundi" inatosha.

Halafu andikishaneni. Karatasi moja, nakala mbili, na picha ya karatasi kwenye WhatsApp kwenu wote. Iandikwe aina ya mbao, unene wa bodi, vipimo, aina ya sponji, mita na rangi ya kitambaa, aina ya finishing, bei nzima, tarehe ya kukabidhi, na nani analipa usafiri. Watu wanaona aibu kuandikishana na fundi waliyeletewa na shemeji, lakini fundi mzuri hachukii karatasi, inamlinda na yeye pia dhidi ya mteja anayebadilisha mawazo katikati.

Malipo. Wengi wanadai advansi nusu, wengine asilimia 70. Mimi napenda mafungu matatu: la kwanza la kununua mbao, na ikiwezekana muende pamoja kununua au hela iende moja kwa moja kwa muuza mbao, la pili ukishaiona fremu ikiwa uchi kabla haijavishwa kitambaa au haijapigwa rangi, la tatu kitu kikiwa kimefika na kukaguliwa. Fungu la mwisho liwe kubwa la kutosha kumfanya fundi atake kumaliza, theluthi hivi. Ukishalipa yote kabla kazi haijaisha umejiandikisha kwenye kalenda: "kesho bosi", "umeme ulikatika", "tumefiwa", "kitambaa hakijaingia". Baadhi ni kweli kabisa, ndio maana tarehe mliyoandikishana iwe wiki moja kabla ya siku unayohitaji hasa. Fenicha ya harusi au ya kuhamia usiiagize wiki mbili kabla, na mwezi wa 12 mafundi wazuri wameshajaa.

Siku ya kukagua fremu nenda mwenyewe, usitumie picha. Isukume kwa pembeni uone kama inayumba. Kalia pale katikati.

HATUA YA 5: Sofa peke yake

Sofa inastahili hatua yake kwa sababu ndiyo inayoficha mengi na ndiyo inayokula hela nyingi sebuleni.

Ndani ya sofa kuna vitu vinne: fremu, kinachobeba kikalio, sponji, kitambaa. Fremu tumeshaongea. Kinachobeba ni springi za zigizaga au mikanda ya mpira iliyosokotwa, na kwenye sofa za bei ya chini kabisa ni plaiwudi nyembamba au magunia. Ingiza mkono nyuma ya mto wa kikalio ubonyeze, ukikutana na ubao moja kwa moja jua hiyo itakuwa inaumiza makalio kabla ya mwaka kuisha. Geuza sofa, kitambaa cheusi cha chini kimeshikwa na pini za stepla tu, omba wakifungue kipembe uchungulie, muuzaji anayejiamini hana shida.

Sponji inapimwa kwa uzito wake kwa mita ya ujazo. Kwa kikalio unataka kilo 30 kwenda juu, kwa mgongo hata 20 na kidogo inatosha kwa sababu haibebi uzito. Usiishie kwenye "hai densiti", neno hilo kila mtu analo, uliza namba, na kama fundi ananunua sponji kutoka kiwanda cha magodoro namba ipo kwenye risiti. Kipimo cha mwili: kaa dakika 5 nzima na sio sekunde mbili za aibu dukani, inuka, angalia alama yako. Ikirudi polepole mpaka usawa wake, sawa. Ikibaki shimo, hapana. Kuna mafundi wanaojaza vipande vya sponji zilizokatwakatwa kwenye mifuko, kwa mto wa mgongo inaruhusiwa, kwa kikalio ni wizi.

Kitambaa. Velveti inatamba sana sasa hivi, na hizi sofa za vifungo za Chesterfield, lakini fikiria vizuri: velveti kwenye sebule isiyo na AC mwezi wa pili Dar unakaa nayo unatoka jasho mgongoni, inavuta nywele, vumbi na manyoya ya paka. Mimi ningeweka velveti kwenye kiti kimoja cha pembeni cha kupendezesha na sofa kubwa nikaipa kitambaa cha kusokotwa mchanganyiko wa pamba na poliesta. Ngozi bandia nayo, ile ya bei ya chini inaanza kuchubuka vipande kama jua linaipiga dirishani, ni kitambaa kilichopakwa plastiki juu na joto linaiachanisha. Kama kitambaa kina kitabu cha sampuli angalia namba ya Martindale, ni idadi ya misuguo kinachovumilia, kwa sofa ya familia tafuta 20,000 au zaidi. Kisicho na kitabu, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua kwa nguvu kona moja, kikitoka na rangi acha, kwa sababu gauni jeupe la mgeni ndio litakaloipokea hiyo rangi. Na dai mito iwe na zipu, uweze kufua.

HATUA YA 6: Bei

Elewa kwanza kwanini cha nje ni ghali. Kwenye ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Julai 2022 fenicha zinazotoka nje ya Jumuiya ziliingizwa kwenye kundi la asilimia 35. Juu yake VAT asilimia 18. Kwahiyo kitu ambacho mpaka kinafika bandarini kina thamani ya milioni 1, ushuru 350,000, kinakuwa 1,350,000, halafu VAT 243,000, umefika 1,593,000 na bado hujaweka tozo nyingine, pango la shorumu na faida ya mwenye mali. Sofa ya China yenye malighafi sawa na ya Keko lazima iwe juu, unalipia safari na ushuru wala sio ubora. Ndio maana narudia, cha nje nunua pale tu ambapo hapa hakitengenezwi vizuri.

Kupatana: shorumu kubwa bei ya lebo ina nafasi ndogo, badala ya kukazania punguzo omba usafiri wa bure na kufungiwa nyumbani. Keko anza kwa kuuliza mafundi watatu kazi ile ile yenye karatasi ile ile ya vipimo, bila hiyo karatasi unalinganisha maembe na machungwa... yaani kila mmoja anakupa bei ya kitu chake. Anayekuja chini sana kuliko wenzake muulize kwa upole atapunguza wapi, kuna mahali anapunguza, mbao, sponji au unene. Ukinunua dukani dai risiti ya EFD, bila hiyo siku ukirudi na mguu uliovunjika hakuna anayekukumbuka.

Kama bajeti haitoshi kwa nyumba nzima usigawe kidogo kidogo kwa kila kitu. Weka hela kwenye godoro, sofa na kiti unachofanyia kazi, vitu ambavyo mwili unalala na kukaa juu yake. Meza ya mbele na stendi ya TV zinaweza kusubiri au zikawa za paini.

HATUA YA 7: Nyumba isifanane na shorumu

Hapa nitapita haraka maana ladha ni ya mtu. Ila tatizo la sebule nyingi mpya Dar ni kijivu juu ya kijivu, sofa kijivu, zulia kijivu, ukuta kijivu. Ukishapata sofa yenye mistari mepesi, tafuta kitu kimoja chenye asili ya huku: kasha la Zanzibar la misumari ya shaba badala ya meza ya mbele, kiti cha enzi cha Lamu kikae peke yake pembeni, mkeka wa ukindu chini, au picha ya Tingatinga kutoka kwa wachoraji wenyewe pale Morogoro Stores, Oysterbay. Kitanda cha samadari kwenye chumba cheupe kisicho na kitu kingine kinashinda hedibodi yoyote ya velveti, huo ni mtazamo wangu, mnaweza kubisha. Kimoja au viwili tu, ukijaza nyumba inakuwa duka la watalii.

HATUA YA 8: Usafiri na kupokea mzigo

Kirikuu inatosha kwa kitanda kilichofunguliwa, kabati la vipande na meza. Sofa ya L na seti ya meza chukua kenta, usilazimishe safari mbili za kirikuu kwa kuokoa hela ndogo. Guta kwa mtaa wa karibu tu, na sio siku ya mvua. Mablanketi ya zamani na makatoni yawekwe kila panapogusana, fundi aandamane na mzigo, na bei ya wabebaji wa kupandisha ghorofani ipatanwe kabla gari halijaondoka karakanani, kwa sababu ikishafika mlangoni kwako wao ndio wanaopanga.

Kabla ya kutoa fungu la mwisho, fungua kila droo mpaka mwisho na uifunge, fungua kila mlango wa kabati uone kama unajifungua wenyewe (kabati halijakaa usawa, fundi aweke kipande chini sasa hivi), hesabu chaga za kitanda na uzikanyage katikati, kalia kila kiti, pitisha kiganja kwenye kingo zote za mbao kutafuta vibanzi hasa kama kuna watoto. Piga picha kila upande. Kama vanishi bado inanata ukigusa, usipokee, irudi ikakauke, maana ikibanwa na mto itashika kitambaa na haitatoka.

Miguu ya kabati na kitanda iwekewe vikanyagio vya plastiki ili maji ya deki yasiguse mbao, na fenicha isibandikwe kabisa ukutani, acha vidole viwili vya hewa, ukuta wa Dar unatoa unyevu hasa baada ya mvua. Skrubu zote zikazwe tena baada ya mwezi mmoja wa matumizi, mbao itakuwa imeshazoea hewa ya nyumba yako, na hiyo kazi ya kukaza iandikeni kwenye ile karatasi mapema kwamba fundi ataifanya bila malipo, nauli ndio utampa.